Uyoga wa Ibn Sina na miombo ya msikiti wetu

Katika daftari la mihutasari ya kamati ya msikiti wetu, chini ya kikao cha mwezi wa Rajabu uliopita, kuna kipengele cha saba kilichoandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe. Kinasema kwamba kamati imeridhia kuuzwa kwa miti iliyomo katika shamba la wakfu, ekari 12, kwa mchoma mkaa aliyefika bei, na kwamba miti ikishaondolewa ardhi ikodishwe kwa kilimo cha ufuta. Ndugu msomaji, nataka ujue tangu mwanzo kwamba wazo lile halikuwa la mtu mwingine. Lilikuwa langu. Ni mimi katibu niliyelileta kikaoni, nikalitetea, nikalipigia hesabu, na wazee wakaniamini kwa kuwa nimesoma chuo.

Sababu tulikuwa nayo. Paa la msikiti linavuja. Mvua ikinyesha, upande wa kushoto wa safu ya pili na ya tatu huachwa wazi, na mahali pa kusujudu pamekaa ndoo. Ramadhani ilikuwa inakaribia. Shamba lenyewe lilitolewa wakfu na mzee aliyefariki kabla sijazaliwa, Allah amrehemu. Hakuna kati yetu aliyewahi kulilima. Ni pori la miombo na mitondoro kando ya njia iendayo bondeni, na katika hesabu za kila mwaka mweka hazina huandika sifuri mbele ya jina lake. Mimi niliyefundishwa kwamba mali ya wakfu haifai kulala, sifuri ile ilikuwa ikinichoma. Na watu wa mikoa yetu ya kusini wanajua ufuta umefanya nini: bei ikipanda, kila mwenye shoka huingia porini, na msimu unaofuata huwezi kumwambia mgeni kwamba hapa palikuwa na kivuli.

Muhutasari ukabaki na saini mbili. Ya tatu ilikuwa ya mwenyekiti, naye alikuwa Dar es Salaam kwa matibabu.

Siku tatu baada ya kikao, nikiwa barazani baada ya Alasiri, akaja bibi mmoja wa mtaani kwetu. Ni mkunga wa zamani. Wengi wetu, na mimi nikiwemo, tulipokewa duniani na mikono yake. Alikuwa amejitwika ungo uliofunikwa kwa jani la mgomba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Katibu, nasikia mmeuza shamba la wakfu."

"Hatujauza shamba, bibi. Wakfu hauuzwi. Tunauza miti tu."

Akautua ungo, akafunua jani. Ulikuwa umejaa uyoga wa manjano, mbichi, bado una mchanga na vipande vya majani makavu.

"Na huu, mmemuuzia nani?"

Nikacheka, kwa adabu. Nikamwambia uyoga hauna mwenyewe, huota tu.

"Huota tu wapi?" akauliza. Hakungoja jibu. Aliniwekea fungu moja kwa ajili ya watoto, akajitwika ungo wake, akaenda zake.

Usiku ule mke wangu aliupika kwa tui, na watoto wakagombea ukoko wa sufuria. Mimi nilikula kidogo. Swali la bibi lilikuwa limenigusa mahali pa zamani, kwa kuwa niliwahi kuulizwa swali hilohilo, karibu kwa maneno yaleyale, nikiwa mwanafunzi, na wakati ule pia sikulijibu.

Chuoni tulikuwa na mwalimu wa historia ya elimu katika Uislamu, mzee mkali mwenye sauti ndogo. Muhula mmoja aligawa majina ya dawa kutoka katika mkusanyo mkubwa wa Ibn al-Baytar, kila mwanafunzi jina moja, akatutaka tueleze ni kitu gani, kinatoka wapi na kimefikaje katika vitabu vyetu. Wenzangu walibahatika. Mmoja alipata habbat sauda, mwingine sana makki, mwingine zaatari, vitu ambavyo ukienda dukani kwa attari utapimiwa. Mimi niliangukiwa na ghariqun. Kamusi ilisema ni aina ya uyoga. Nikaenda Kariakoo kwa maattari wawili watatu, hakuna aliyelijua jina. Nikarudi nikaandika ukurasa mmoja, na ndani yake sentensi moja ya uvivu: ghariqun ni uyoga, huota tu katika magogo ya miti. Mwalimu alipiga mstari mwekundu chini ya neno "tu", na pembeni akaandika kwa Kiarabu maswali matatu: wapi, juu ya mti gani, na je, bado upo?

Nilipata alama za kupita. Niliyaacha maswali yake palepale pembeni mwa karatasi, nikahitimu, nikarudi nyumbani, nikaoa, nikawa katibu. Bibi yule ndiye aliyenirudisha kwenye karatasi ile, na safari hii niliyafuatilia.

Neno lenyewe si la Kiarabu kwa asili yake. Ni la Kiyunani, agarikon. Tabibu Dioscorides, aliyeandika katika karne ya kwanza ya Miladia, aliunasibisha uyoga huo na nchi ya Agaria huko Sarmatia, kaskazini mwa Bahari Nyeusi, na miongoni mwa maradhi aliyouandikia ni kifua kikuu. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya tatu Hijria na Istifan bin Basil, na Hunayn bin Is'haq akaipitia na kuisahihisha tafsiri hiyo. Ndipo ghariqun ukaingia katika maktaba zetu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria, sawa na 1037 Miladia, ameutaja katika kitabu cha pili cha al-Qanun fi al-Tibb, pale anapozieleza dawa moja moja. Baada yake Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga aliyefia Damascus mwaka 646 Hijria, yaani 1248, akauingiza katika mkusanyo wake wa dawa na vyakula vipatavyo 1,400. Kwa hiyo kwa karne nyingi tabibu Mwislamu alilijua jina hili, awe ameuona mti wake au hajauona. Matabibu wale walikuwa watu makini: waliandika rangi ya kitu, uzito wake, na ladha yake kwamba huanza na utamu kisha hugeuka uchungu, ili muuzaji asimdanganye mnunuzi. Mimi, niliyekuwa na maktaba nzima, niliandika "huota tu".

Basi unaota wapi? Unaota juu ya miti mizee ya nchi za baridi, na zaidi juu ya mti uitwao lachi, ambao ni wa jamii ya misonobari lakini hupukutisha majani yake wakati wa baridi. Upo katika milima ya Alps na ya Carpathia, upo Siberia, na upo pia magharibi mwa Amerika ya Kaskazini, ambako huota juu ya miti mingine mikubwa ya jamii hiyo. Wataalamu wa leo wanauita Laricifomes officinalis. Hauna mwavuli wala shina kama uyoga tuupikao. Ni kama kwato kubwa, au kama mzinga wa nyuki uliobandikwa ubavuni mwa mti, mweupe wa chokaa, mkavu, mchungu. Kila mwaka huongeza tabaka moja chini ya lile la mwaka uliopita, na mmoja waweza kuendelea hivyo kwa miaka 50. Nimemaliza kusoma hilo nikakumbuka kwamba paa letu lina miaka 31 na tumeliita la zamani.

Tunachokiona nje si uyoga wote. Kilichobandikwa kwenye gome ni kama tunda. Mwenyewe uko ndani, nyuzi nyembamba zilizosambaa katika moyo wa mti, zinaula polepole. Tunda hutoa mbegu laini kuliko vumbi, kwa mamilioni, upepo huzichukua, na karibu zote hupotea bure, maana zinahitaji kuangukia penye jeraha la mti unaofaa, na mti unaofaa ni ule uliokwisha kuzeeka. Mti kijana hauna makazi kwa ajili yake. Kwa hiyo msitu waweza kuwa wa kijani, umejaa miche iliyopandwa kwa mistari na kuhesabiwa katika ripoti za serikali, na ghariqun usiwe na hata mlango mmoja wa kubisha hodi.

Ulipotea kwa njia mbili, na zote mbili ni mikono ya watu. Kwanza ni uchumaji. Maduka ya dawa ya Ulaya yaliutaka kwa mamia ya miaka, na hata katika karne ya 19 kilichokamuliwa kutoka humo kilipewa wagonjwa wa kifua kikuu ili kuzuia jasho la usiku. Huko Amerika ya Kaskazini wakata miti waliuonja, wakaona uchungu wake, wakadhani una kwinini, wakauita kwa jina hilo. Kwinini haimo hata chembe. Sisi tuliomezeshwa vidonge vya malaria utotoni tutawaelewa, kwani mama zetu pia walituaminisha kwamba dawa isiyo chungu haiponyi. Kuondoa tunda hakuui nyuzi zilizo ndani ya mti, lakini kila tunda linalong'olewa huondoka na mbegu za miaka yote ambayo lingesimama. Ukichukua moja, msitu hautambui. Wakichukua wote, mwaka hadi mwaka, mti mzee utakufa na nyuzi zake bila kuacha mrithi.

Njia ya pili ni shoka na msumeno. Misitu mikongwe ya lachi na ndugu zake ilikatwa kwa mbao, na ile iliyopandwa badala yake huvunwa kabla haijafika umri ambao ghariqun unautaka. Mwaka 2019 uyoga huu uliwekwa katika Orodha Nyekundu ya Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka. Hilo lilikuwa jibu la swali la tatu la mwalimu wangu. Bado upo, ila kwa shida.

Hapa niseme neno kuhusu orodha yenyewe. Sisi tukisikia kiumbe adimu tunawaza faru, au kasa, au mti wa mpingo. Kuvu walichelewa kuingia hata katika hesabu za wataalamu. Kufikia mwaka 2025 kuvu katika orodha ile walikuwa wamepita 1,000 kwa shida, ilhali wanyama na mimea huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Hawakuwa wachache kwa sababu wako salama. Walikuwa wachache kwa sababu walioinama kuwatazama ni wachache.

Na wanaulindaje? Poland imeuweka chini ya ulinzi wa sheria, usichumwe, na mahali unapoota palindwe. Mtafiti wa Marekani Paul Stamets ametumia miaka mingi akitafuta ghariqun katika misitu ya magharibi ya nchi yake, akichukua kipande kidogo na kukiotesha nyuzi maabarani, ili mti ukianguka asili yake isipotee kabisa. Kazi hiyo ni njema. Lakini nikijiuliza nyuzi zile za kwenye chupa zitapandwa wapi, narudi palepale: mti wa miaka 200 hauoteshwi maabarani. Kinachohitajika zaidi hakina utaalamu wowote ndani yake. Ni kuacha miti mizee isimame, na, jambo ambalo ni gumu zaidi kwa binadamu, kuacha pia ile ya makamo ambayo bado haina uyoga wowote, ili iwe mizee wakati sisi tumeshazikwa. Anayefanya hivyo hatauona uyoga wenyewe. Anamwekea mtu asiyemjua. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini, maana mimi nina jina la jambo la namna hiyo, na jina hilo limeandikwa kwenye jalada la faili langu: wakfu.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba bibi anichukue porini. Tulitoka baada ya Alfajiri, yeye, wanawake sita, watoto wao, na mimi nyuma nikiwa na kalamu isiyo na kazi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kati ya miombo, majani makavu yalikuwa yameinuliwa kidogo hapa na pale, kama kwamba mtu chini yake anapumua, na wao waliiona miinuko ile kutoka mbali ambapo mimi niliona takataka. Bibi alikata kwa kisu kidogo, akaacha ile midogo, kisha akarudisha majani mahali pake. Nikamuuliza kwa nini anafunika. Akasema, "Mtoto akishatoka, mama hufunikwa."

Kuna kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania kilichotolewa mwaka 2003 na Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilipata kukisoma kwa kuazima. Uyoga wa namna ya ule wa manjano hauozeshi miti kama ghariqun. Unaishi nayo. Nyuzi zake huvika ncha za mizizi ya miombo na mitondoro, huchota maji na chumvichumvi za ardhini mahali ambapo mzizi peke yake hausafiri, na mti nao huulisha sukari inayotengenezwa na majani. Ukiuondoa mti, umeuondoa mwenye kulisha. Hapana shamba la kuupandia uyoga huo peke yake, hapana mbegu yake dukani.

Bibi alinionyesha jambo hilo bila kitabu. Mpakani mwa wakfu kuna shamba lililofyekwa miaka minne iliyopita, sasa ni ufuta mtupu. "Hapa nilikuwa najaza ungo kabla jua halijawaka," alisema. Tukalizunguka lote. Tulichokikuta ni uyoga mkubwa mweupe juu ya kichuguu kimoja kilichobaki kati ya mistari, na huo, kama ijulikanavyo, hulimwa na mchwa wenyewe ndani ya kichuguu, hautegemei mizizi ya mti. Ule wa manjano haukuwepo, wala mwekundu, wala ule unaotoa maziwa ukikatwa.

(Na wenye watoto waniruhusu neno moja la tahadhari. Asiende mtu kuokota uyoga kwa kusoma makala. Upo unaoua, na baadhi yake umefanana na unaoliwa. Wale wanawake hawakuchuma hata mmoja ambao hawakujua jina lake, na mtoto aliyeokota asioujua alipigwa kibao cha mkono papo hapo.)

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza uyoga uliotajwa na Mtume wetu (s.a.w.), ule wa jangwani uitwao kam'a, ambao katika Sahih zote mbili imepokewa kwamba ni katika mann na kwamba maji yake yana shifaa ya macho. Hadithi hiyo nimeihifadhi tangu chuoni. Sikuwahi kujua kwamba kam'a nao huishi kwa kushikamana na mizizi ya vijiti vya jangwani, hivyo jangwa likichungiwa hadi vijiti vikaisha, nao huondoka.

Mwenyekiti akarudi, alhamdulillah, na katika Shaabani nikaomba kikao kingine. Nilisimama nikasema kwamba kipengele cha saba nilikiandika mimi na naomba kifutwe. Mweka hazina ni mtu mwadilifu, na hakunihurumia.

"Katibu, mwezi uliopita ulitusomea kwamba mali ya wakfu haifai kulala. Leo unatusomea nini?"

Nikaeleza habari ya ghariqun. Baadhi walisikiliza, baadhi walitazama saa. Imamu akakumbusha kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) na ardhi yake ya Khaybar, jinsi alivyomwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri akaelekezwa kuizuia asili na kuyatoa sadaka mazao, ikawa ardhi ile haiuzwi, haitolewi hiba wala hairithiwi. Kisa hicho kila mmoja pale alikijua. Mzozo ulikuwa juu ya tafsiri yake: katika pori letu, asili ni ipi na mazao ni yapi?

"Asili ni ardhi," alisema mweka hazina. "Miti ni mazao."

Imamu akajibu kwamba vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi'i vinasema mwenye kunufaika na mti wa wakfu anamiliki matunda yake, wala matawi hayamo, isipokuwa kwa miti ambayo desturi yake ni kukatwa matawi yakachipua tena.

"Vizuri sana. Na miombo hukatwa ikachipua. Nani hapa hajui?"

Ilikuwa hoja nzito, na ni ya kweli. Kisiki cha mwombo hakifi kwa shoka. Nilichoweza kusema ni kwamba ufuta haungoji machipukizi, kwamba mkataba wangu mwenyewe ulitaka visiki ving'olewe, na kwamba kuna kaya zinazokula kutoka pale kila masika bila kuandikwa popote. Mweka hazina akauliza kaya ngapi. Sikujua. Katibu mzima sikujua. Akaniuliza tena, kwa upole safari hii, kama nataka awaambie waumini waswali Tarawehe juu ya maji kwa ajili ya uyoga.

Tulipiga kura. Watano kwa wanne, na wa tano alikuwa mwenyekiti, aliyekaa kimya muda wote.

Mchoma mkaa alikuwa ameshatoa arbuni, na sehemu yake tulikwishaitumia kununua mbao za paa. Nusu ya pengo hilo ilitoka katika sanduku la msikiti na nusu mfukoni mwangu, kwa mafungu, na bado namalizia. Nilipompelekea fungu la kwanza alilihesabu, akalikunja, akasema, "Katibu, na mimi nina watoto." Sikupata la kumwambia. Nilijua atakata kwingine, na nilijua kwamba mimi ndiye niliyemwita.

Ramadhani tuliswali na ndoo zetu. Bati za upande wa kushoto zimebadilishwa nusu kwa michango, nusu bado. Fundi mmoja ameahidi mizinga mitano ya nyuki tuitundike porini, na mweka hazina amesema ataiamini asali atakapoionja. Bibi alileta uyoga kwa futari mara tatu, akauweka mlangoni pa upande wa wanawake bila kusema chochote.

Baada ya Idi nilikwenda na daftari nyumba kwa nyumba, nikauliza ni nani aliyechuma katika shamba la wakfu tangu mvua zianze. Wengine waliogopa, wakidhani tunataka kodi. Nilipata kaya 23. Nikampelekea mweka hazina karatasi alipokuwa anafunga hesabu za mwaka. Aliisoma, akavua miwani, akaitazama ile sifuri yake, kisha akaniuliza hizi kaya 23 nataka aziandike katika safu gani.